Maji Chini ya Miguu ya Bibi

Harufu yenyewe ilikuwa ya msumari uliochemshwa. Sijawahi kuchemsha msumari, na sidhani kama wewe umewahi, lakini siku harufu ile ilipoingia puani mwangu mara ya kwanza sikupata jina jingine la kuipa, na hadi leo sijapata. Ni harufu ya kutu, chuma cha moto na maji yaliyozeeka. Ningeweza kuijua miezi mitano mapema. Kwa miezi mitano, nikiwa darasa la tano, nilipiga magoti kila Jumamosi kwenye sakafu ya pikapu ya baba na kuyafuta maji yale kwa tambara, na kila Jumamosi nilivuta pumzi nje, nikaibana, nikaingiza kichwa ndani, nikafuta upesi, kisha nikatoka kuhema kama mtu aliyezamia ziwani. Nilikuwa hodari wa kubana pumzi. Watoto wenzangu wa Bweri waliojifunzia kuogelea ufukweni hawakunifikia. Nasema haya ili msomaji ajue mapema kwamba habari hii haina mwerevu ndani yake, na aliyeishika siri yote mkononi, ikiwa imelowa na inachuruzika, ni mimi.

Siku hizo Bweri ilikuwa mashamba ya mihogo yenye nyumba hapa na pale, na mojawapo ilikuwa yetu, yenye karakana ya baba ubavuni. Baba alikuwa seremala. Pikapu aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, naye padri alikuwa ameiagiza kutoka huko kwao miaka mingi nyuma, kwa hiyo ilipotufikia ilikuwa mzee kuliko mimi na imetembea kuliko ukoo wetu mzima. Tuliiita Padri. “Padri amewaka?” “Padri amegoma.” Mama, ambaye alikuwa mwanachama wa kwaya, alilikataa jina hilo kwa wiki mbili, kisha naye akazoea. Ndani, Padri alikuwa na kiti kimoja kirefu cha kukaa watu watatu, na kwenye dashibodi alikuwa na kijiti cha kusukuma, chenye alama ya bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine, kilichokuwa kimekwama kwenye nyekundu tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyejua ni cha nini. Baba alidhani kilikuwa cha redio ambayo padri aliing’oa akaondoka nayo. Ndani kulikuwa na joto la tanuru, nasi tulidhani ndivyo magari yalivyo. Nani alikuwa na gari jingine la kulinganishia?

Bibi, mama yake mama, alikaa kijijini upande wa Butiama. Alikuwa na sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda juu ya kisigino, kidonda kisichokubali kufunga. Miguu yote miwili ilikuwa imeshikwa na ganzi kiasi kwamba aliwahi kukanyaga kaa la moto akaarifiwa na harufu. Hospitalini Musoma walisema kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila wiki bila kukosa, na kisiguswe na maji. Kikifanyiwa hivyo kitapona, kisipofanyiwa mguu utakwenda. Jambo rahisi lilikuwa Bibi ahamie kwetu Bweri, ambako ni mwendo mfupi kufika hospitali. Lakini jambo rahisi halikuwezekana, kwa sababu kwa watu wetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Hali naye, hampi mkono, hatamki jina lake, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta jambo la kutazama upande wa pili. Baba yangu na Bibi walipendana sana kwa namna hiyo. Nimewaona wakisalimiana kwa umbali wa kutosha kuegesha ng’ombe watatu, kila mmoja akiuangalia mti wake. Kwa hiyo kila Jumamosi Padri alitoka Bweri kwenda Butiama kumchukua Bibi, akamleta Musoma, akamrudisha Butiama, kisha akarudi Bweri. Ndani baba aliendesha, mama akakaa katikati kama ukuta wa nyumba, miguu yake juu ya nundu ya giaboksi, na Bibi akakaa dirishani, magoti yake yamefunikwa khanga. Mimi nilikaa nyuma kwenye bodi na vidumu viwili vya maji.

Vidumu vilikuwa kazi yangu rasmi, maana Padri alikuwa anakula maji. Ndivyo watu wanavyosema kwetu: gari linakula maji. Unajaza rejeta asubuhi hadi mdomoni, unafika Makutano sindano ya joto inapanda, ukifungua kifuniko kwa uangalifu unakuta kina kimeshuka kwa kidumu nusu. Yameenda wapi? Baba alilala chini ya Padri na tochi mchana kweupe. Alitandika maboksi yaliyokunjuliwa chini ya injini jioni, asubuhi akayakuta makavu kama kaki. Alibadilisha mpira wa juu wa rejeta, akabadilisha wa chini, akabadilisha kifuniko. Mtu fulani wa sokoni alimwambia atie kipande cha sabuni ya mche ndani ya rejeta, sabuni itatafuta tundu yenyewe na kuliziba. Akatia, na kwa wiki mbili Padri alitoa povu mdomoni kama mtu wa kifafa, kisha akaendelea kula maji kama kawaida. Baba hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye viungo. Alikuwa akiweza kuitazama kabati iliyopinda akaiambia tatizo lake. Lakini kitu kinachopotea bila kuacha alama kilimnyima usingizi. Alianza kuzungumza na gari. “Niambie basi,” alikuwa akisema huku kichwa kiko ndani ya boneti, “niambie tu, sitakasirika.”

Jumamosi ya kwanza ya maji ya ndani naikumbuka. Tulikuwa tumefika kwa Bibi, mama amemshusha na kumpeleka ndani polepole. Mama alirudi garini kuchukua khanga iliyosahaulika, nikamwona anasimama mlangoni mwa gari bila kuchukua kitu. Kwenye raba ya sakafu, pale Bibi alipokuwa ameweka miguu, kulikuwa na dimbwi dogo. Mama alilitazama, akatazama ua wa minyaa, akanitazama mimi. Hakunieleza. Alinipa tambara lililokuwa chini ya kiti, akasema kwa sauti ya chini, “Futa upesi kabla baba yako hajaja. Na usimwambie mtu. Bibi ni mtu mzima.” Nikaelewa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, umri wa kuelewa vibaya kwa haraka. Nikabana pumzi, nikafuta.

Baba naye alikuwa amekwisha kuona. Hilo nililijua baadaye, kwamba aliona siku ileile, akazunguka nyuma ya gari kwenda kukagua tairi ambalo halikuwa na shida, ili sisi tupate nafasi ya kufuta. Mkwe hawezi kuona jambo kama lile kwa mama mkwe wake. Akiliona, lazima asilione. Hivyo tukawa watu watatu, kila mmoja anaficha kitu ambacho wengine wawili wanakijua, na Bibi, ambaye hakuhisi chochote kuanzia magotini kwenda chini, aliitazama sketi yake iliyolowa upindo, akaviona viatu vyake vilivyolowa, naye akaficha pia. Mficha maradhi, wahenga wamesema, kifo humuumbua. Wahenga hawakusema lolote kuhusu familia nzima inayoficha maradhi ambayo hayapo.

Msomaji atauliza: siku nyingine je, sakafu haikulowa? Ililowa. Siku za kazi baba aliweka kiroba cha maranda pale mbele, ya mama kuwashia jiko, na mama alilalamika kila siku kwamba maranda ni mabichi, kwamba baba anapasua mbao zisizokauka. Jumamosi tulipokwenda kumchukua Bibi tulimpelekea kiroba kama hicho, na mama alikanyaga juu yake. Tuliporudi jioni Bibi hakukubali tuondoke mikono mitupu, akatujazia gunia la viazi vitamu, nalo likakaa palepale, mama akakanyaga juu yake. Viazi vilifika vimelowa chini, na mama akasema, “Mama yangu ni mtu safi jamani, hata viazi anavisafisha kwanza.” Ndugu msomaji, nina shahada mbili, na ya pili niliipata kwa kuandika kurasa mia na themanini kuhusu mawasiliano katika familia. Hakuna mahali popote katika kurasa hizo nilipotaja viazi.

Likizo ya Juni baba alikata shauri kumpeleka Padri kwa fundi wa kweli. Bunda, pale Manyamanyama, kulikuwa na fundi Magesa, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, ambaye watu walisema anaweza kuisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tumemrudisha Bibi na kumwacha mama akae naye hadi Jumatatu, na gunia la viazi baba alilirusha nyuma, kando yangu na vidumu. Kabla hatujaingia kwa fundi, baba alisimamisha gari kando ya barabara akaniambia nifute mbele vizuri. Nikafuta. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale gereji, tambara likiwa bado mkononi, wakati Magesa alipomaliza kuzunguka. Alikuwa amevuta kijiti cha oili akakipangusa kidoleni, amekaa nyuma ya ekzosi akinusa moshi, amejilaza chini.

“Sasa fundi mwenzangu,” alimwambia baba, “maji hayaendagi mbinguni. Oili safi, kwa hiyo hayaingii kwenye injini. Moshi safi. Chini pakavu. Ndani je? Pale abiria anapowekaga miguu, hapalowi?”

Baba alisema, “Hapana. Ndani pakavu.”

Alisema haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Magesa alinitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama. Labda kwa sababu watoto hawajui kunyamaza. Mimi nilijua. Nilificha tambara nyuma ya mgongo, nikalihisi likichuruzika taratibu kwenye mashavu ya miguu yangu.

“Binti,” akasema, “umekojolewa na mbuzi?”

“Nimeshika maji ya rejeta,” nikajibu, na lilikuwa jibu la kweli kabisa, na mimi mwenyewe niliamini kwamba nimedanganya.

Magesa akachukua brashi, akasugua rejeta, akakaza vibano, akasema tumrudishe Padri akizidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kwenye tambara.

Wakati huohuo kidonda kilikuwa kinarudi nyuma. Hospitalini muuguzi, mama mnene mwenye haraka, alifungua bendeji na kukunja uso. “Hiki kidonda kinapataga wapi maji? Nilisema maji hapana. Bibi, unaoga nacho?” Bibi alitazama dirishani. Mama alitazama sakafu. “Mnanisikia lakini?” Tulimsikia. Wiki iliyofuata Bibi hakunywa maji tangu Ijumaa mchana. Alipanda garini midomo imekauka na kupasuka, akashuka sketi imelowa. Nilikuwa nimesimama karibu naye alipoiona. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunga vile, kama duka. Mtu aliyejinyima maji siku nzima na bado mwili wake, kama alivyoamini, umemwaibisha mbele ya mkwe, atafanya nini tena? Jumamosi iliyofuata tulimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, hajavaa viatu. Akasema haendi. Mama akauliza kwa nini. Akasema safari inamchosha. Mama akasema mguu utakwenda. Bibi akasema, “Na uende. Miguu ni miwili.” Alisema atatumia dawa za miti. Mama akalia, akapiga magoti, akamtaja Mungu na marehemu babu. Bibi akaendelea kupepeta ulezi. Mwishowe mama akatoka akamwambia baba aondoke na mimi, yeye atabaki kubembeleza.

Hivyo ndivyo nilivyokaa mbele. Hapakuwa na gunia la viazi, kwa sababu mtu aliyegombana na binti yake hapakii viazi. Nilivua ndala, nikaweka miguu kwenye raba, nikaona fahari ya kukaa dirishani kama mtu mzima. Tulikuwa tumekaribia Makutano kitu kilipoanguka kwenye kidole changu cha mguu, kisha kingine, na vyote vilikuwa vya moto. Nikapiga kelele. Baba akakanyaga breki hadi vidumu vikabiringika nyuma. Akainama upande wangu, kichwa chini ya dashibodi, akaona tone linajikusanya pale juu, linanenepa, linaanguka. Akalikinga kwa kidole, akalitia ulimini.

“Kutu,” akasema. Akacheka. Kwa miezi mitano sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Alicheka kwa kupiga usukani. “Nimekukamata! Nyangeta, nusa!” Akanisogezea kidole. Nilizoea kubana pumzi mahali hapo, nikaibana, kisha nikakumbuka hakuna sababu, nikanusa. Msumari uliochemshwa.

Ndipo kicheko cha baba kikaisha. Hakikupungua, kilikatika, kama mtu aliyezima redio. Alibaki ameinama, macho yakiwa kwenye dimbwi dogo lililokuwa linafanyika kati ya miguu yangu, mahali palepale, umbo lilelile. Magari mawili yalitupita yakipiga honi. “Mungu wangu,” alisema. “Mungu wangu, yule mama.” Akageuza gari.

Kule Butiama alimwita mama nje, wakasimama kando ya ua wa minyaa, naye akamwonyesha sakafu. Mama alielewa kabla hajamaliza. Akashika mdomo. “Sasa mimi nitamwambiaje, Baba Nyangeta? Nimwambie hakujikojolea, wakati sijawahi kumwambia kwamba nilidhani amejikojolea?” Baba akasema mlete aje aone. Mama akamtazama kwa mshangao: amlete mama yake, amwinamishe atazame maji yale, mbele ya mkwe? Baba akaona haya kwa kulisema. Walisimama pale, watu wazima wawili wenye ukweli mikononi, na hapakuwa na mlango wa kuupitishia. Kisha wote wawili wakanitazama. Mjukuu kwa bibi ni mtani. Bibi aliniita mke mwenzangu, alinituhumu kumwibia mume, nami nilimwita kibogoyo. Kama kulikuwa na mtu duniani aliyeruhusiwa kulitamka neno lile mbele yake, ni mimi.

Nililoweka tambara kwenye dimbwi, nikaingia nalo jikoni.

“Mke mwenzangu,” Bibi alisema, “umerudi kuchukua mume?”

Nikamwambia. Nilisema vibaya, kwa kasi, bila kupumua. Nilisema yale maji garini hayakuwa yake, yalikuwa ya gari, tumeona leo, yameniunguza mguu, angalia. Bibi aliweka ungo chini. Nilidhani nimeshinda. Kisha akatabasamu, tabasamu zuri, la huruma, lililonitisha kuliko kama angenipiga.

“Mama yako amekutuma.”

“Ndiyo. Lakini ni kweli, Bibi.”

“Mmefunzwa vizuri nyie watoto. Mwambie mama yako nimesikia, na namshukuru.”

“Bibi, si adabu! Ni kweli! Ni maji ya moto yanayotoka kule mbele!”

“Yanatokaje ndani, wakati injini iko nje?”

Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba yanatoka. Nikamnyooshea tambara. “Nusa, Bibi. Nusa tu.” Na Bibi, nikimtazama kwa macho yangu, aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akabana pumzi. Nilimjua mtu anayebana pumzi. Alibana hadi nilipolirudisha tambara nyuma ya mgongo.

Jumatatu baba alikwenda Manyamanyama peke yake, akamweleza Magesa yote, na Magesa akacheka, kisha alipoona uso wa baba akaacha. Lilikuwa jambo la dakika kumi. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na kirejeta kidogo kama kitabu cha nyimbo, kimeoza pembeni. Alichomoa mipira miwili iliyokipelekea maji, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, na Padri hakula maji tena hadi anakufa. “Hii ni hita,” alieleza. “Huko kwao kuna baridi, kwa hiyo wanapashaga moto ndani ya gari.” Baba alirudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba dawa, na Jumamosi akanituma tena kwa Bibi, safari hii nikiwa na maelezo kamili.

Ndiyo yaliyoharibu kabisa. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. “Moto?” akauliza. “Mtu anawasha moto ndani ya gari? Nchi hii?” Akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, akanivuta kwenye mapaja yake. “Mke mwenzangu, kudanganya hujui. Ungesema ni samaki, ningekuamini. Kila gari la Musoma lina maji ya samaki.” Nilirudi nikamweleza mama neno kwa neno, na mama aliketi kwenye ngazi ya karakana akiwa na kitambaa mdomoni, sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Tulikuwa tumemstahi Bibi vizuri mno. Kwa miezi mitano tulimjengea heshima isiyo na ufa, na ukweli ulipokuja kubisha hodi ukakosa pa kuingilia. Kila alichoambiwa sasa alikisikia kama upole.

Hakukaa tena mbele. Mvua za vuli zilipoanza mguu ulikuwa umebadilika rangi, na siku alipokubali kwenda Musoma alikuwa hawezi kukaa. Baba alitandika godoro nyuma kwenye bodi, nami nikakaa kichwani kwake nikimshikia mwavuli. Mbele, dirishani, sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nilikuwa nimeichungulia kabla hatujaondoka, hata vumbi lilikuwepo. Njiani mvua ilinyesha kwa pembeni, mwavuli haukusaidia, na Bibi alilowa kuanzia kichwani. “Afadhali huku,” aliniambia. “Huku kila mtu analowa.” Waliukata mguu chini ya goti. Aliishi hadi msimu wa ulezi uliofuata, akafia kitandani kwake, na hadi anakufa alikuwa akimuulizia baba kwa kumtazamia mti wake, na kumpelekea salamu za shukrani kwa uvumilivu wake.

Sasa Bweri imejaa nyumba za bati la rangi, bodaboda zinapita palipokuwa mihogo, na karakana ya baba ni duka la vocha. Baba ametangulia. Nina gari langu, kuukuu pia, maana waandishi na magari mapya hatujuani. Rejeta yake naitia yale maji ya kijani ya dukani, yenye harufu tamutamu kama peremende. Nimeinusa makusudi mara nyingi, mimi ni mtu ambaye hununua gari kwa kuingiza pua chini ya dashibodi, na wauzaji huniona mwehu. Naishi katika zama ambazo watu wanazungumza kila kitu. Kuna vipindi vya redio vinavyotaja viungo vya mwili asubuhi watu wakila chai. Nimewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima nikawaambia wenzangu kwamba ukimya ndio ugonjwa wa familia zetu, na wakanipigia makofi, nami nikarudi kukaa nikiwa nimeridhika.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama kliniki. Ana miaka themanini na miwili, amekuwa mdogo, anakaa mbele dirishani na khanga magotini. Tuliporudi nilizunguka kumfungulia mlango, nikaona raba imelowa chini ya miguu yake. Yeye alikuwa anatazama mbele, pale palipokuwa na michirizi ya mvua kwenye kioo, anatazama kwa bidii. Nilichukua tambara. Nikapiga magoti kwenye changarawe, mwanamke wa miaka hamsini mwenye shahada mbili, nikainamisha kichwa, na safari hii sikubana pumzi. Nilinusa kwa nguvu, nikitafuta peremende. Nilinusa tena, nikitafuta msumari. Sijawahi kuombea gari liharibike kama nilivyoomba pale.

Haikuwa peremende, wala msumari.

“Mama,” nilisema, nikiwa bado chini, “gari hili linavuja. Nadhani ni hita.”

Kuku wa jirani walipita. Nilisikia pumzi yake ikitoka taratibu juu ya kichwa changu.

“Ungesema ni samaki,” alisema, “ningekuamini.”

Kisha akainua miguu, mmoja kwanza, halafu mwingine, ili nifute.